Vifaranga wa sato wanadonoa pumba na kuzitema: wapewe nini wiki za mwanzo?

Mfereji Mpya (Ifakara)

Wakuu, salaam.

Bwawa ni la udongo, mita 20 kwa 15. Kina ni sentimita 80 upande wa kuingilia maji na mita 1.2 upande wa kutolea. Chokaa iliwekwa kabla ya kujaza, na samadi ya ng'ombe ilimwagwa mara moja tu, chini, bwawa likiwa kavu. Maji ya mfereji yanaingia na kutoka muda wote ili samaki wapate hewa. Bado ni maangavu kabisa: ukizamisha mkono unaona vidole hata maji yakikaribia bega.

Vifaranga ni 900, sato dume, wastani wa gramu moja kila mmoja, urefu sentimita nne hivi. Wanapewa pumba za mpunga za mashine ya mtaani, kilo moja kwa siku: nusu saa 12 asubuhi, nusu saa 12 jioni. Pumba zinaelea, upepo unazisukuma kwenye kona, kesho yake zimeshikana na zinanuka. Vifaranga wanakuja, wanadonoa, wanatema. Baadhi wameanza kuwa na kichwa kikubwa na mwili mwembamba.

Ninachotaka kujua: samaki wa umri huu anakula nini hasa, kiasi gani, mara ngapi? Majani ya mihogo na azola (gugu dogo linaloelea juu ya maji) yanafaa? Na nikiongeza vifaranga 200 wa kambale humo humo, watakula chakula hicho hicho?

Chenga Laini (Morogoro)

Mkuu, tuanze na hesabu, maana hapo ndipo penye tatizo la kwanza.

Vifaranga 900 wa gramu moja ni gramu 900 za samaki, bwawa zima. Wewe unamwaga kilo moja ya pumba kila siku. Yaani chakula cha siku kina uzito kuliko samaki wote wakiwekwa pamoja kwenye mizani. Sato wa gramu moja hula kama asilimia 10 ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo bwawa lako linahitaji gramu 90, na hizo ziwe chakula chenye protini ya asilimia 35 hadi 40. Pumba zinazobaki zinaoza, na kuoza kunakula oksijeni ile ile unayoitafuta kwa kuacha mfereji wazi.

Pumba za mashine ya mtaani zina maganda mengi ya mpunga. Ganda halisagiki tumboni mwa kifaranga na mdomoni mwake ni kubwa, ndiyo maana anatema. Zile pumba laini zinazotoka wakati wa kung'arisha mchele ni afadhali, protini yake ni kama asilimia 12, lakini nazo peke yake hazimkuzi kifaranga. Kichwa kikubwa na mwili mwembamba ni njaa, wala usihangaike kutafuta dawa.

Mgawanyo wa chakula uende hivi. Akiwa na gramu 1, asilimia 10 ya uzito wa samaki wote kwa siku, mara 4. Akifika gramu 5, asilimia 6, mara 3 au 4. Gramu 10, asilimia 5. Akifika gramu 30 unashuka hadi asilimia 4 na mara 3 zinatosha. Tukikadiria kwamba umebaki na 855, ukifika gramu 5 utakuwa na kilo 4.3 za samaki na chakula chako ni gramu 256 kwa siku. Ukifika gramu 10 ni gramu 427. Hizo ndizo namba za kubandika ukutani.

Saa 12 asubuhi ni mapema mno. Alfajiri ndipo oksijeni inapokuwa chini kuliko saa zote, na samaki akila anahitaji oksijeni zaidi. Zaidi ya hapo sato ni mlaji wa mchana. Tumbo lake hutoa asidi kali sana anapokula, pH (kipimo cha ukali wa asidi: ikishuka, asidi imezidi) inafika chini ya 2, na asidi hiyo ndiyo inayompasulia chembe za mwani. Jambo hilo lilipimwa vizuri Ziwa George, Uganda, miaka ya mwanzo ya 1970. Asubuhi na mapema asidi bado haijakolea. Lisha saa 3, saa 5, saa 8 na saa 10 jioni.

Chota hicho kilichoganda kwenye kona kwa wavu wa macho madogo leo hii. Kesho usilishe kabisa, samaki hawatakufa kwa siku moja, kisha uanze na gramu 90.

Maji ya Kijani (Songea)

Chenga Laini kasema kweli, lakini mimi ningeanza na ule mfereji. Maji yanayoingia na kutoka muda wote yanasomba chakula ambacho bwawa lingekitengeneza lenyewe. Bwawa la udongo lenye samaki 3 kwa mita moja ya mraba halihitaji maji ya kupita. Oksijeni ya mchana inatoka kwenye mwani, na mwani hauwezi kukaa kwenye maji yanayobadilishwa kila siku. Funga. Ongeza tu yale yanayopungua kwa jua na kwa kuvuja.

Mfuatano wa chakula cha asili ni huu. Mbolea ikiyeyuka, mwani mdogo unaanza, na kwa joto la Ifakara maji yanageuka kijani ndani ya siku 5 hadi 7. Nyuma ya mwani wanakuja wadudu wadogo wa majini: kwanza rotifa ambao jicho haliwaoni vizuri, halafu Moina na dafnia, halafu kopepodi. Chini kwenye tope wanazaliana mabuu wekundu wa visubi vya maji. Kifaranga wa sato wa sentimita mbili hadi nne anawinda hao wadudu kwanza. Mwani na takataka laini za chini anazizoea taratibu kadiri anavyokua. Zaidi ya nusu ya uzito mkavu wa wadudu hao ni protini, na wanakuja wakiwa hai, saizi ya mdomo, masaa yote. Hakuna mfuko wa dukani unaoshinda hilo kwa mwezi wa kwanza.

Kuwaona ni rahisi. Chota maji kwa chupa nyeupe ya kioo kwenye kina cha kiwiko, iinue uelekee jua, usiitikise, subiri nusu dakika. Vitone vinavyorukaruka kwa mshtuko ni Moina au dafnia. Vinavyokimbia kwa mstari kisha kusimama ghafla ni kopepodi. Kama maji ni ya kijani na hakuna kinachocheza, ama wadudu hawajafika ama samaki wamewamaliza.

Kipimo cha ukijani: zamisha mkono wima, kiganja kimekunjwa kutazama juu. Kiganja kikipotea maji yanapofika kwenye kiwiko, hapo ni sawa. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, umezidisha. Acha mbolea mpaka pang'ae kidogo. Mwenye sahani ya Secchi (ile inayozamishwa kupima uangavu wa maji) asome sentimita 25 hadi 40. Hakikisha ni kijani kweli. Maji ya tope la kahawia nayo yanaficha kiganja, ila hayana chakula, kwa sababu mwanga haupiti.

Sasa mbolea. Kwa bwawa ambalo halina samaki, kipimo ni gramu 50 za mbolea kavu ya kuku kwa mita ya mraba kwa wiki, yaani kilo 15 kwa mita zako 300. Wewe tayari una samaki, tena una pumba zinazooza chini, kwa hiyo anza na nusu: kilo 7 na nusu. Itie kwenye viroba viwili vilivyotobolewa, funga kwenye nguzo pembeni vikiwa vimezama nusu, vitikise kila asubuhi jua likishatoka. Hivyo maji ya mbolea yanatoka taratibu na makapi yanabaki ndani. Ukiona tatizo, unaondoa kiroba. Mbolea iliyomwagwa haiondoleki.

Sehemu iliyobaki ikamilishe kwa DAP (mbolea ya dukani yenye fosforasi na nitrojeni), gramu 2 kwa mita ya mraba kwa wiki, yaani gramu 600. Iloweke kwenye ndoo ya maji tangu jioni, asubuhi uikoroge na kuinyunyiza juu ya bwawa. Ukitupa punje zikiwa kavu zinazama moja kwa moja, na fosforasi inakamatwa na tope kabla mwani haujaionja. Urea gramu 3 kwa mita ya mraba hutumika na DAP pale ambapo hakuna mbolea ya kuku kabisa.

Chokaa na DAP zisikutane wiki moja. Chokaa inaifunga fosforasi ikazama nayo. Chokaa ni kabla ya kujaza maji, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba, kisha unasubiri wiki moja au mbili ndipo mbolea iingie.

Alfajiri samaki wakiwa wamejipanga juu wanavuta hewa, siku hiyo hakuna mbolea wala chakula, na hapo ndipo mfereji unafunguliwa. Vilevile siku za mawingu mazito mfululizo: mwani hautengenezi oksijeni bila jua, lakini usiku unaendelea kuitumia.

Nyanza Omena (Kisumu)

Mpango wa serikali wa 2009 hapa Kenya ulichimba vidimbwi vya mita 300 za mraba, sawa kabisa na lako ndugu, kwa hiyo vipimo hivi havitakusumbua.

Chakula cha dukani cha vifaranga kikipatikana, nunua kilo 5 tu za chenga za milimita 0.5 hadi 1, protini 40. Kwa gramu 90 kwa siku ni kidogo sana kuhangaikia kutengeneza. Lakini ukikikosa, mchanganyiko wa kilo 10 ni huu:

Unga wa omena (nyinyi mnaita dagaa) kilo 5. Soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 2.5. Pumba laini za mchele kilo 1.5. Unga wa ngano gramu 500 wa kugandisha. Mafuta ya kupikia gramu 300. Mchanganyiko wa vitamini na madini gramu 200. Ukipiga hesabu, omena ya protini 55 inaleta kilo 2.75, soya karibu kilo 0.92, pumba na ngano karibu kilo 0.24. Jumla kilo 3.9 katika 10, yaani asilimia 39.

Mahali watu wanapoharibu:

Omena iliyoanikwa chini ina mchanga. Mchanga una uzito, kwa hiyo unanunua kilo 5 na kuchanganya labda kilo 4, na protini yako inashuka bila kujua. Tia ngumi moja ya omena kwenye beseni la maji, isugue, mwaga taratibu, tazama chini. Nunua ile iliyoanikwa kwenye vichanja vya nyavu. Na ikiwa inanuka mafuta makali ya kukwaruza koo, iache: mafuta yake yameoza na yanamuumiza samaki ini.

Soya mbichi ina kitu kinachozuia mwili kusaga protini. Kaanga kwenye sufuria kavu ukigeuza mfululizo mpaka ganda lipasuke, rangi iwe kahawia hafifu na harufu ya mbichi iondoke. Ikiungua nyeusi, protini imeharibika pia.

Mashudu ya pamba usiwape vifaranga, yana gosipoli, sumu ya mbegu za pamba. Mashudu ya alizeti yanafaa kwa samaki wakubwa, kwa wadogo nyuzi ni nyingi mno. Mahindi au karanga zenye ukungu zisiingie hata kidogo, sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kuanika.

Vitamini ya kuku inatumika sana lakini kwa kawaida haina vitamini C, kwa kuwa kuku anajitengenezea. Samaki hawezi. Kifaranga aliyekosa vitamini C kwa muda mrefu uti wa mgongo unapinda, na haunyooki tena. Tafuta mchanganyiko wa samaki. Ukiukosa, bwawa la kijani litakusaidia sana, kwa sababu wadudu na mwani wana vitamini hiyo. Kwenye tangi la saruji huna kinga hiyo.

Kutengeneza: pika ngano iwe uji mzito kwa lita 3 hadi 4 za maji, acha ipoe hadi uweze kutia mkono, ndipo uchanganye vingine vyote, vitamini na mafuta mwisho. Pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, anika kivulini penye upepo. Zikikauka, ziponde. Chenga zinazopita kwenye chandarua cha mbu na kubaki juu ya chekecheo la unga ndizo saizi ya samaki wa gramu moja. Vumbi lililopita chekecheo usilitupe. Lirudishe kwenye mchanganyiko unaofuata, au mpe mwenye vifaranga wachanga zaidi.

Jaribio: dondosha chenga kwenye glasi ya maji. Zikisambaa kuwa wingu ndani ya dakika moja, uji ulikuwa mwepesi. Zinatakiwa zikae dakika 10 hivi.

Mfereji Mpya (Ifakara)

Nimeufunga mfereji. Dagaa wa Mwanza wanapatikana Ifakara, soya pia. Maji ya Kijani umetaja mbolea kavu ya kuku. Jirani ana banda, anatoa mbichi bure. Kuna ubaya gani ikienda moja kwa moja? Na nitajuaje kama hizo gramu 90 zimeliwa au zimezama?

Chenga Laini (Morogoro)

La kuliwa au kuzama: tengeneza fremu ya mita moja kwa moja kwa bomba la plastiki lililozibwa ncha, au hata vipande vya mgomba, ielee upande upepo unakotoka. Mwaga chakula ndani ya fremu. Hakitasukumwa kwenye kona. Chini yake ning'iniza trei ya wavu wa macho madogo, kina cha sentimita 30. Baada ya dakika 20 vuta. Trei ikiwa tupu siku tatu mfululizo na samaki bado wanazunguka fremu, ongeza kidogo, sehemu moja ya kumi. Ikibaki na chakula, mlo unaofuata punguza kwa nusu.

Usimwage kwa mkupuo. Bana kiasi cha vidole vitatu, ngoja waje, bana tena. Wakubwa hula kwanza. Ukimwaga zote sekunde ya kwanza wanyonge hawapati, na tofauti ya ukubwa inaongezeka kila wiki.

Maji ya Kijani (Songea)

Mbolea mbichi: ina amonia nyingi, na maji ya kijani mchana pH yake hupanda. pH ikipanda, amonia hugeuka kuwa ile ya sumu kwa samaki. Mbichi na bwawa la kijani saa 9 alasiri ni mchanganyiko mbaya kwa kifaranga wa gramu moja. Pia huanza kuoza upya ndani ya maji kwa kasi, na oksijeni ya alfajiri inashuka. Ianike juani, itandaze nyembamba, igeuze mpaka iwe inapukutika mkononi. Kiroba kilichokauka hupungua uzito sana, kwa hiyo pima baada ya kukauka. Na muulize jirani kama amewapa kuku dawa hivi karibuni. Iliyo na mabaki ya dawa iache.

Majani: ya mihogo yana sumu ya sianidi yakiwa mabichi, lakini hata ukiyaanika, sato wa gramu moja hawezi kulitafuna jani. Kundi linalokula majani makubwa ni perege wa aina ya rendalli, sato hafanyi kazi hiyo. Azola ikianikwa na kusagwa ina protini kama asilimia 20 na kitu, unaweza kuweka kilo 1 badala ya sehemu ya pumba katika ule mchanganyiko wa kilo 10. Ikiwa hai usiiache ifunike bwawa: inazuia mwanga, na bila mwanga hakuna kijani tulichozungumzia.

Sharubu Nane (Mukono)

Kuhusu kambale 200. Namba ipunguze na muda usogeze. Kambale mdogo na sato mdogo hawalishwi pamoja.

Weka 90, yaani mmoja kwa kila sato 10, na uwaweke sato wakiwa wamefika gramu 20 hadi 30 huku kambale wenyewe wakiwa na gramu 3 hadi 5. Kazi yao ni kula watoto watakaozaliwa, kwa sababu kundi linaloitwa dume kwa kawaida huwa na majike wachache ndani yake. Ukiwaweka sasa wakiwa sawa na sato wako, wiki chache mbele kambale watakuwa wamewapita na watakula hao hao unaowafuga.

Kwa yeyote anayetaka kulea kambale kutoka yai, chakula chake ni suala tofauti kabisa na la sato, na wengi hupotezea samaki hapo. Mama sato hukaa na watoto mdomoni, wanatoka wakiwa wameshakomaa kiasi na wanaweza kula unga siku hiyo hiyo. Kambale huanguliwa ndani ya siku moja hadi siku moja na nusu kwenye joto la nyuzi 26 hadi 28, anaishi kwa kiini cha yai siku 3 hivi, na kiini kikiisha tumbo lake bado halijaumbika. Ana utumbo tu. Unga mkavu unapita bila kusagwa. Anahitaji chakula hai kwa siku 5 za mwanzo angalau: Artemia (wadudu wadogo wa maji ya chumvi) waliotoka kuanguliwa, au Moina wachanga.

Artemia: lita moja ya maji, chumvi isiyo na madini joto gramu 25 hadi 30, baking soda kidogo pH ivuke 8, mayai gramu 1 hadi 2, hewa ya pampu mfululizo kutoka chini, taa, joto nyuzi 28. Masaa 24 yanatosha. Zima pampu dakika 10: maganda yanaelea, wadudu wa rangi ya chungwa wanakusanyika chini penye mwanga. Wanyonye kwa mpira, chuja kwa kitambaa, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, lisha mara moja. Maganda usiyapeleke kwa vifaranga, yanaziba utumbo. Kwenye maji yasiyo na chumvi Artemia hufa baada ya saa chache, kwa hiyo lisha kidogo kidogo mara 5 au 6, usiku ukiwamo. Kambale hula sana gizani.

Moina ni nafuu zaidi. Tangi la lita 1000 kivulini, gramu 400 za mbolea kavu ya kuku ndani ya kiroba, subiri maji yawe na rangi, pandikiza Moina walioletwa kutoka bwawa safi. Ndani ya wiki wanajaa. Vuna robo ya tangi kwa siku, usizidishe, rudisha maji na mbolea kidogo. Chuja mbegu yako kwa makini: buu mmoja wa kereng'ende akiingia kwenye tangi la vifaranga atakula usiku kucha.

Kiini cha yai la kuku lililochemshwa kinatumika sana. Kinachafua maji ndani ya saa moja na kinaacha vifaranga wakiwa dhaifu. Kama hakuna kingine, tumia siku moja tu, na maji yabadilishwe.

Kuanzia siku ya 5 au 6 ya kula, changanya hai na unga wa protini 50 hadi 55, chembe za milimita 0.2 hadi 0.3. Ongeza unga, punguza hai, mpaka siku ya 10 hadi 14 wawe wanakula unga mtupu. Kiungo cha kupumulia hewa ya juu hakifanyi kazi mpaka wiki ya pili au ya tatu, kwa hiyo ule usemi kwamba kambale haathiriki na maji machafu hauwahusu watoto.

Halafu kulana. Mwanzoni anamng'ata mwenzake mkia. Akishazidi kwa ukubwa anammeza mzima. Njaa inaongeza, lakini tofauti ya ukubwa inaongeza zaidi. Watenganishe kila siku 7 hadi 10 kwa beseni lenye matundu sawa. Bwawa la kulelea lijazwe maji siku 2 au 3 tu kabla ya kuwaweka, kabla mende wa maji na mabuu ya kereng'ende hawajazaliana, na lizungushiwe uzio wa plastiki wa sentimita 80 kuzuia vyura.

Bamvua (Tanga)

Niongeze la pwani, kwa kuwa wasomaji wengine wana mabwawa ya maji ya chumvi. Vifaranga wa mwatiko hawafuati utaratibu huu wa maji ya kijani. Hao wanaokotwa kwenye vidimbwi vya mikokoni maji ya bamvua yakipwa, na chakula chao ni utando: lile zulia la mwani na wadudu linaloota juu ya tope la chini.

Ili utando uote, maji yawe mafupi. Kausha bwawa hadi tope lipasuke, tandaza mbolea kavu ya kuku gramu 100 hadi 200 kwa mita ya mraba, ingiza maji sentimita 5, kisha ongeza kidogo kidogo hadi ufike sentimita 30 au 40. Jua lazima lifike chini. Ukijaza mita moja kwa mkupuo, mwani wa majini unaota juu, unatia kivuli, na utando wa chini unakufa. Mvua kubwa nayo inabandua utando, unaelea na kuoza. Uchote siku hiyo hiyo. Baada ya utando kuliwa wote ndipo unaingiza pumba laini, na mwatiko anazila vizuri kuliko sato.

Mfereji Mpya (Ifakara)

Shukrani wakuu. Swali la mwisho: nitajuaje wamefika gramu 5 bila kuwaumiza? Mizani niliyo nayo ni ya jikoni, inasoma gramu moja.

Chenga Laini (Morogoro)

Hiyo mizani inatosha, usimpime mmoja mmoja. Kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla ya kulisha, weka ndoo yenye lita 2 za maji ya bwawa juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Hakikisha mizani inabeba uzito huo. Vuta wavu laini kwenye sehemu mbili tofauti za bwawa, si chini ya fremu peke yake, maana pale wanajikusanya wakubwa. Hamisha samaki 50 kwa kikombe cha wavu, maji yakiwa yamechuruzika, usome, ugawe kwa 50. Ikisoma 240, wastani ni gramu 4.8. Warudishe, na siku hiyo ruka mlo wa kwanza.

Ukishapata wastani, zidisha kwa idadi ya samaki, kisha kwa asilimia ya hatua hiyo, ubadilishe kipimo cha chakula siku hiyo hiyo. Ukikaa mwezi mzima na gramu 90 wakati wao wameshafika gramu 5 watadumaa, na ukiona kiganja kinaonekana zaidi ya kiwiko huku wanamaliza trei haraka, ujue chakula cha asili kimeisha. Wiki hiyo rudisha mbolea kwanza, chenga ongeza baadaye.

Saizi ya chenga nayo ibadilike: gramu 5 wanaweza milimita 1 hadi 1.5, gramu 10 hadi 30 milimita 2. Siku 4 za kuhama changanya ndogo na kubwa nusu kwa nusu, kwa sababu ndani ya bwawa moja huwa kuna wa gramu 3 na wa gramu 8.